Mlango Ndio Nyumba

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Aliyeutunga msemo huo bila shaka alikuwa na miguu miwili mizima, akiinua unyayo na kuvuka kizingiti bila hata kukitazama. Kwa anayetembelea kiti cha magurudumu, mlango ndio nyumba. Kiti kinahitaji uwazi wa sentimita 81 hivi. Milango mingi ya bafu katika nyumba za zamani za Marekani haifiki 70. Ngazi tatu za barazani, zenye kimo cha nusu mita, zinadai mteremko wa mita sita, maana kila sentimita ya kupanda hutaka sentimita 12 za kwenda mbele. Mtu anaweza kurudi kutoka vitani na nishani kifuani, akapokewa kwa vifijo, kisha akawa anaogeshwa sebuleni kwa beseni katika nyumba yake mwenyewe.

Toleo hili linahusu ruzuku za kurekebisha nyumba za wanajeshi wa zamani wenye ulemavu. Tunaanzia Marekani kwa sababu sheria ya huko imeishi muda wa kutosha kuonyesha uzuri wake na makosa yake. Tena jambo hili halituhusu kwa mbali tu: kuanzia 2009, mpango wa MAVNI wa jeshi la Marekani uliandikisha wageni waliojua lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari aliyeumia uti wa mgongo kwa kawaida hakuishi muda mrefu. Kama risasi haikummaliza, vidonda vya kulalia na maambukizi ya kibofu vilimmaliza. Vita vya Pili vilikuja na penisilini, na vijana wengi waliopooza miguu wakabaki hai. Madaktari walikuwa wameokoa watu ambao hakuna fundi aliyewahi kuwajengea. Mwaka 1946 wakaunda chama chao, Paralyzed Veterans of America. Mwaka 1948 Kongresi ikapitisha ruzuku ya hadi dola 10,000, isiyozidi nusu ya gharama, ili mwanajeshi wa namna hiyo apate nyumba anayoweza kuingia na kuishi.

Sheria ile ilibeba wazo kubwa. Pensheni humfidia mtu kwa kilichopungua mwilini mwake. Ruzuku hii ilikubali kwamba nyumba nayo ina upungufu, na kwamba upungufu wa nyumba hutibika kwa saruji na msumeno.

Hata hivyo, mlango wa sheria yenyewe ulikuwa mwembamba. Kwa miaka mingi ruzuku ilitumika mara moja tu. Lakini kijana wa miaka 22 hurudi kwanza kwa mama yake. Baadaye huoa, hupata kazi mji mwingine, na akizeeka, mabega yaliyosukuma magurudumu miaka 30 nayo huchoka. Nyumba moja haitoshi maisha hayo yote. Ni mwaka 2006 ndipo matumizi yaliporuhusiwa kufika mara tatu, pamoja na fungu la anayeishi kwa muda katika nyumba ya ndugu. Sheria iliyotiwa saini 2020 ikafikisha mara sita. Iliichukua Kongresi zaidi ya miaka 70 kukubali kwamba watu huhama.

Kosa la pili bado lipo: sheria husoma orodha ya viungo. Aliyepoteza matumizi ya miguu yote miwili ana haki yake. Aliyetumikia baada ya Septemba 11, 2001 akapoteza mguu mmoja aliwekewa foleni ya watu 30 kwa mwaka, ambayo mwaka 2020 ilipanuliwa kuwa 120. Wa 121 asubiri mwaka ujao, na ngazi zake zinamsubiri pale pale. Zaidi ya hayo, ruzuku kubwa inamtaka mwanajeshi awe na nyumba yake au awe njiani kuipata. Anayepanga, kama mhamiaji anayeanza maisha anavyopanga, hubaki akibembeleza saini ya mwenye nyumba kwa fungu dogo zaidi.

Jambo moja Marekani imelipatia. Tangu sheria ya 2008, kiwango cha juu hupandishwa kila mwaka kufuata bei za ujenzi; kwa mwaka wa fedha 2025 kilikuwa dola 121,812. Uingereza ina hadithi iliyogeuzwa. Ruzuku yake ya marekebisho haimuulizi mtu kama alivaa sare wala alipoteza kiungo gani. Inauliza anashindwa kufanya nini ndani ya nyumba yake, na mpangaji naye anaweza kuomba. Lakini kwa mtu mzima hupimwa kipato kwanza, na huko England kiwango cha juu kiliwekwa pauni 30,000 mwaka 2008, kikaachwa hapo wakati bei ya vigae na ujira wa mafundi vikipanda.

Msimamo wa jarida hili ni kuchukua swali la Waingereza na hesabu ya Wamarekani. Nchi inayotuma vijana vitani ipime nyumba wanamorudi, iache kuhesabu vidole vyao. Iwape fedha zinazokwenda na bei ya soko, na iwafuate kila wanapohamia. Atakayeuliza kwa nini wanajeshi peke yao, wakati mwashi aliyeanguka kutoka juu ya jengo anazuiwa na ngazi zile zile, ameuliza swali la haki. Jibu letu ni kwamba fundi akishajifunza kujenga mlango mpana kwa mmoja, ujuzi huo hauna sare.

Kabla hujafungua ukurasa unaofuata, chukua futi kamba ukapime mlango wa bafu lako. Andika namba hiyo pembeni, kisha uendelee kusoma.