Shoo tunazo tele, darasa ndilo hatuna

Kila Julai simu yako huanza kuleta zile video. Ukumbi mkubwa huko Ulaya, taa za samawati, watu ishirini miguu mitupu wanaanguka chini na kuinuka kana kwamba wamepigwa na upepo mmoja. Wewe uko Nairobi umevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi, kule ni msimu wa joto na watu wanacheza nje mpaka usiku. Unaweka emoji tatu za moto, unamtumia beste yako, unamwambia siku moja na sisi.

Sawa. Lakini hebu nikuulize: umeona nini hapo? Umeona jukwaa. Sote huona jukwaa. Na kwa sababu tunaona jukwaa tu, tukirudi huku tunaiga jukwaa. Tunakodi taa, tunatafuta MC mwenye kelele, tunabandika nembo ya mdhamini kila pahali, halafu tunaita ile kitu tamasha la densi. Mimi nasema tumeiga sehemu isiyo na maana sana.

Chukua ImPulsTanz, tamasha la densi ya kisasa linalofanyika Vienna, Austria, kila Julai na Agosti. Ni mojawapo ya makubwa kabisa duniani. Lilianzishwa mwaka 1984 na watu wawili, Karl Regensburger wa hapo Austria na Ismael Ivo, mchezaji densi mweusi kutoka São Paulo, Brazil. Ivo hakuzaliwa kwa watu wenye pesa. Alizaliwa mwaka 1955 katika familia maskini, akacheza mpaka Alvin Ailey, yule Mmarekani mwenye kundi lake New York, akamwona na kumwita huko. Corona ilimuua mwaka 2021. Sasa sikia hii, ndiyo sababu ya mimi kuandika leo: wawili hao hawakuanza na shoo. Walianza na warsha. Madarasa! Walimu wachache, wanafunzi, sakafu na jasho. Shoo zilikuja baadaye, miaka kadhaa mbele.

Na hadi leo darasa ndilo moyo wa hiyo kitu. Warsha zinafanyika Arsenal, majengo ya zamani ya jeshi, na ziko zaidi ya mia moja kila msimu. Kuna za watu wasiojua hata kuhesabu moja mpaka nane, na kuna za mabingwa. Asubuhi unafundishwa namna ya kuanguka bila kuumia, mchana unajifunza kubuni miondoko na mtu ambaye hamjuani hata lugha, jioni unaenda ukumbini kumwona yule mwalimu wako wa asubuhi akicheza kazi yake mwenyewe. Unaelewa maana yake? Saa nne asubuhi amekushika bega akakuonyesha uzito wa mwili unapitia wapi. Saa tatu usiku unaona bega hilohilo likifanya kazi. Hakuna YouTube inayoweza kukupa hiyo.

Pia kuna madarasa ya bure kwenye bustani na viwanja vya jiji. Mama na mtoto, mzee wa miaka sabini, kijana aliyekuwa anapita tu akielekea kazini, wote wanaingia. Na kuna mpango unaoitwa danceWEB, ulioanza mwaka 1996, ambao huwapa wacheza densi vijana kutoka nchi nyingi ufadhili wa kukaa pale wiki tano, wakisoma na kutazama shoo. Wiki tano, bana. Huku kwetu wiki tano ni muda wa kuandaa tamasha, kulifanya, kulisahau na kuanza kugombania malipo.

Sasa rudi mtaani. Wewe ukiwa kwa kundi la densi unajua tunavyojifunza. Simu inaegemezwa ukutani, video inapunguzwa kasi, mmoja anashika hatua upesi kisha anawafundisha wengine. Saa za mazoezi ni usiku baada ya kazi, mahali ni parkingi ya duka lililofungwa kwa sababu pale kuna taa ya bure na kioo cha dirisha cha kujitazama. Sidharau njia hiyo, imetoa watu wakali sana. Nairobi ina wachezaji ambao ukiwaweka popote duniani hawataaibika.

Lakini sakafu ni simiti.

Watu hupuuza hili jambo, acha nilikazie. Ukumbi wa densi wa maana huwa na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo, chini yake kuna nafasi au mpira, ili ukiruka na kutua mbao zinywe lile pigo. Simiti hainywi kitu. Pigo linarudi lote kwako: kifundo, goti, nyonga, mgongo. Ukiwa na miaka kumi na minane husikii chochote. Rafiki yangu mmoja wa Kayole alianza kusikia akiwa na ishirini na mbili. Alikuwa anaruka kuliko sisi wote. Alifunga goti na bendeji, akameza dawa za maumivu za shilingi kumi kumi, akaendelea, kwa sababu tulikuwa tumeitwa kwenye tamasha na hakuna aliyetaka kubaki nje ya picha. Kufika ishirini na nne akawa hawezi kupanda ngazi za jengo anakoishi bila kushika ukuta. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kutua. Fikiria hilo. Miaka sita ya kuruka na hakuna hata siku moja mtu alimwambia kisigino kifike vipi chini.

Na hilo tamasha lenyewe? Tulipewa dakika tano. Jukwaa lilikuwa la mbao nyembamba juu ya vyuma, lililumba kila tukitua. Malipo yalikuwa soda, chapati na ahadi kwamba "mtaonekana." Walituona kweli. Hakuna aliyetufundisha kitu, hakuna aliyetuuliza mnafanyia mazoezi wapi, na waliocheza kabla yetu na baada yetu hatukupata nafasi hata ya kusalimiana nao vizuri. Kulikuwa na mgeni kutoka ng'ambo, koreografa wa maana. Alishuka kwa gari, akapanda jukwaani, akapigiwa makofi, akarudi hotelini. Pesa za hoteli yake zingetosha kumweka katika ukumbi wa mtaa na vijana thelathini kwa siku tatu.

Najua utaniambia nini. Utaniambia hao wa Vienna wana pesa za serikali na za jiji, sisi tuna madeni. Ni kweli wana pesa. Basi tuache Ulaya, twende Senegal.

Kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Toubab Dialaw, nje ya Dakar. Hapo mwaka 1998 mama mmoja anayeitwa Germaine Acogny, pamoja na mumewe Helmut Vogt, alianzisha École des Sables, yaani Shule ya Mchanga. Jina halikutoka hewani. Moja ya studio zake kubwa haina mbao kabisa. Sakafu yake ni mchanga. Mchanga unanywa pigo, unakulazimisha kutumia misuli ya mguu, na haununuliwi kwa dola. Wachezaji kutoka kila pembe ya Afrika hukutana pale kwa warsha. Mwaka 2021 Acogny alipewa Simba wa Dhahabu wa densi huko Venice, na heshima hiyo ilikuwa ya kazi ya maisha yake yote, kufundisha kukiwemo.

Tena ukitaka kujua kolabo ni nini, angalia walichofanya pale na wakfu wa Pina Bausch wa Ujerumani. Pina Bausch alitengeneza kazi yake ya The Rite of Spring mwaka 1975, na inachezwa juu ya udongo uliotandazwa jukwaani. Wakachaguliwa wacheza densi 38 kutoka nchi 14 za Afrika. Wakaishi pamoja, wakafanya mazoezi kwa wiki nyingi, wakasahihishwa, wakaanza upya. Machi 2020 wakiwa karibu kabisa kuicheza Dakar, corona ikafunga dunia. Kabla ya kutawanyika walienda ufuoni wakaicheza yote mara ya mwisho jua likizama, kamera zikiwarekodi. Hiyo ni kolabo. Si watu wawili wanaorekodi klipu ya sekunde thelathini, kila mmoja akiwa na yake kichwani, halafu wanawekeana tagi.

Pingamizi la pili ndilo huniudhi zaidi. Kwamba densi ya kisasa ni mambo ya wazungu, ya kugaragara sakafuni na kuangalia dari, na sisi tuna vyetu. Nani alikudanganya? Miaka ya tisini, hapahapa Nairobi, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la Gàara. Kazi yao iliyoitwa Cleansing ilishinda tuzo kwenye mashindano ya Afrika huko Luanda mwaka 1998. Nairobi! Kabla wengi wetu hatujazaliwa. Linyekula ni Mkongo aliyekulia Kisangani. Baadaye alirudi kwao, akaanzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, kisha akahamishia kazi Kisangani, na leo akitajwa popote duniani watu wananyamaza wasikilize. Muulize kijana anayecheza densi pale Archives kama amewahi kusikia jina la Okach. Mimi mwenyewe nilikuwa nimecheza miaka minne kabla ya kulisikia, na nililisikia kwa bahati. Maarifa yalikuwepo mjini, ila hakukuwa na chumba ambamo yangepita kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo.

Na vyetu tunavyosema tunavyo, nani anavifundisha? Isukuti ya Waluhya iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Yale mabega peke yake ni somo la wiki nzima. Nataka warsha ambayo mzee wa isukuti kutoka Kakamega anafundisha asubuhi, na mgeni kutoka Brussels anafundisha mchana, na bahasha zao mwisho wa wiki zinalingana. Huyo mgeni naye akae kwa darasa la mzee kama mwanafunzi. Hapo nitaamini mnaposema ushirikiano.

Wengine watasema njia ni kuondoka. Omba ufadhili, kata viza, nenda. Ukipata, nenda bila kuangalia nyuma! Lakini fanya hesabu. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90, ukinyimwa hairudi. Bado tiketi, bado barua ya benki ya akaunti ambayo unajua vizuri ina nini ndani. Ataenda mmoja. Wale ishirini na tisa wa parkingi je?

Mimi si mtu wa kukuhubiria kuhusu masomo. Niliacha chuo mwaka wa pili, mama yangu bado hajamaliza kuniuliza kwa nini. Labda ndiyo maana nalitetea darasa hivi: nimeona likiwa baya, mhadhiri anasoma slaidi na sisi tunasinzia, na nimeona likiwa zuri, siku mbili tu, kwenye warsha moja ambapo mwalimu alinisimamisha ukutani akanionyesha kwamba miaka yote nilikuwa napumua nikiwa nimekaza tumbo. Siku mbili hizo zilinipa zaidi ya mihula minne.

Shule zetu nazo hufungwa Agosti. Kaunti ina kumbi za kijamii, Kaloleni, Makadara, Pumwani, na kumbi hizo si za harusi na mikutano ya siasa peke yake. Weka wiki mbili za darasa kwa vijana wa mtaa. Weka mbao juu ya simiti, fundi wa Gikomba anaweza. Ita waliocheza zamani, walipe. Shoo iwe Jumamosi ya mwisho, ndogo, wazazi waketi kwenye viti vya plastiki waone watoto wamefanya nini. Mdhamini ambaye hulipia jukwaa na taa za usiku mmoja alipie hiyo. Atalia kwamba nembo yake haitaonekana sana. Basi aibandike kwenye ukuta wa ukumbi, itaonekana siku kumi na nne badala ya saa nne.

Nawe ukialikwa tena, kabla ya kuuliza mtalipwa ngapi (na uulize, tafadhali), uliza darasa liko wapi na ni nani anafundisha. Uliza mtacheza juu ya nini. Wakikushangaa, umeshapata jibu.

Yule rafiki yangu wa Kayole haruki tena. Lakini kila Jumamosi asubuhi ana watoto kumi na saba katika ukumbi wa kanisa, na somo la kwanza, kabla ya muziki wowote, ni kutua: vidole, unyayo, kisigino, goti likunjwe. Wanarudia mpaka wanachoka. Nilienda wiki jana, wakaanza kuelewa, kelele za miguu zikapungua kabisa, ukawa unasikia pumzi tu. Saa sita kamili mlinzi akagonga mlango kwa funguo. Kamati ya harusi ilikuwa nje, inataka viti.