Ulaya Ikisomwa Kutoka Kisangani

Mfumo wa LMD, yaani ngazi tatu za lisansi, masta na doktora, ulipoenezwa katika vyuo vikuu vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, ulilifufua swali ambalo kwa muda mrefu lilikuwa likijibiwa na mazoea: ni maarifa gani yanayostahili miaka ya kijana aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza, na ni nani atakayenufaika nayo. Mjini Kisangani swali hilo huwa gumu zaidi linapoigusa historia ya kisasa ya Ulaya, kwa maana ya kipindi kinachoanza na Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na kufika mpaka leo, na huwa gumu maradufu linapoihusu Uingereza, nchi ambayo haikuitawala Kongo, ambayo lugha yake si lugha ya mihadhara ya huko, na ambayo kwa mtazamo wa haraka haina deni wala dai lolote katika Tshopo, jimbo la mji huo.

Wanaopinga masomo hayo katika ngazi ya uzamili wana hoja nzito, na si haki kuzipita mbio. Historia ya Kongo yenyewe bado ina sehemu kubwa ambazo hazijaandikwa, na wazee walioyaona kwa macho yao matukio ya uasi wa Simba wa mwaka 1964 mjini Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, wanazidi kupungua, kwa hiyo kila mtafiti anayepelekwa kuchunguza Bunge la London ni mtafiti aliyeondolewa barazani kwa wazee hao. Zaidi ya hapo, shule ya kikoloni iliifundisha historia ya Ulaya kana kwamba ndiyo historia ya binadamu wote, na Waafrika wakaonekana ndani yake pale tu walipofikiwa na meli za watu wengine. Kuirudisha historia hiyo katika ngazi ya juu ya chuo, bila kuuliza inafundishwa kwa kusudi gani, kungekuwa kuurudisha mzigo uliotuliwa kwa taabu. Historia ya Chuo Kikuu cha Kisangani nayo inawapa nguvu wapinzani hawa. Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kilichoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mjini Stanleyville mwaka 1963, kiliunganishwa mwaka 1971 na vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na katika mgawanyo huo kitivo cha fasihi, pamoja na historia, kilipelekwa Lubumbashi, ilhali Kisangani ilibaki na sayansi, saikolojia na elimu. Chuo Kikuu cha Kisangani kilipopata uhuru wake tena mwaka 1981, kilianza bila maktaba ya historia ya kulingana na ile ya Lubumbashi.

Hata hivyo hoja hizi zote zimejengwa juu ya dhana moja isiyosimama, nayo ni kwamba historia ya Uingereza na historia ya Tshopo ni vitu viwili vinavyogombania fedha na muda wa mwanafunzi mmoja. Ukweli ni kwamba kuna sura nzima za historia ya Uingereza ambazo sehemu ya ushahidi wake ilizaliwa kando ya Mto Kongo, na ambazo mtafiti wa Oxford au Liverpool hawezi kuzimaliza akiwa peke yake.

Sura ya kwanza inaanzia Zanzibar. Mwezi Februari 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, mahali pa Kisangani ya leo, kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, katika mapatano yaliyofanywa na Henry Morton Stanley mbele ya ubalozi mdogo wa Uingereza. Stanley wakati huo alikuwa akiongoza msafara wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikwatoria kusini mwa Sudan, uliogharimiwa kwa sehemu na matajiri wa Uingereza, na kikosi chake cha nyuma kilipoachwa Yambuya, kwenye Mto Aruwimi ulio ndani ya Tshopo ya leo, kilikumbwa na njaa, maradhi na ukatili wa maofisa wake, hata kamanda wake, Meja Edmund Barttelot, akauawa mwaka 1888. Maafa hayo yalizusha mabishano makali katika magazeti ya London, na Stanley akamshtaki Tippu Tip katika mahakama ya kibalozi ya Waingereza kisiwani Zanzibar kwa madai ya kuvunja mkataba wa kuleta wapagazi. Tippu Tip aliyaeleza mambo haya kwa upande wake, kwa Kiswahili, katika tawasifu ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Hiki ni chanzo cha msingi, yaani ushahidi uliotolewa na mtu aliyekuwemo katika tukio, kuhusu jinsi Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walivyofanya siasa, na mwanafunzi wa Kisangani anaweza kukisoma moja kwa moja, ilhali wenzake wengi wa Ulaya wanalazimika kutegemea tafsiri. Ni ajabu kwamba faida kubwa kiasi hiki huachwa bila kutumiwa.

Sura ya pili inaanza mwaka 1895, ambapo Kapteni Hubert Lothaire, ofisa wa Dola Huru ya Kongo, alimnyonga mfanyabiashara Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyewahi kuwa mmisionari, kwa tuhuma za kuwauzia bunduki maadui wa dola hiyo. Kabla ya hapo mateso ya Wakongo wenyewe yalikuwa hayajaishughulisha sana London, lakini kunyongwa kwa raia wa Malkia bila nafasi ya rufaa kuliifanya serikali ya Uingereza idai fidia na kuyafanya magazeti yaitazame dola ya Leopold kwa jicho jipya. Miaka michache baadaye E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool, aligundua kwamba meli zilizorudi zimejaa mpira na pembe za ndovu zilikwenda Kongo zikiwa na silaha zaidi ya bidhaa. Bunge la Uingereza lilipitisha azimio mwezi Mei 1903, balozi mdogo Roger Casement akapanda mto mwaka huohuo na taarifa yake ikachapishwa 1904, na Chama cha Mageuzi ya Kongo kikaundwa katika mwaka huohuo wa 1904. Mtafiti anayestahili shahada ya uzamili hatosheki kuwasifu watu hawa. Anapaswa kuuliza kwa nini John Holt, mfanyabiashara mkubwa wa Liverpool, alimuunga mkono Morel, huruma ilishikana vipi na dai la biashara huria ambalo Mkataba wa Berlin wa 1885 uliliahidi na makampuni ya kibali yakalivunja, na kwa nini Uingereza ilingoja mpaka 1913 kutambua kwamba Kongo imekuwa koloni la Ubelgiji, ingawa Ubelgiji ilikuwa imeitwaa tangu 1908. Haya ni maswali kuhusu dini, biashara na siasa za Waingereza, na majibu yake yanawahusu wazao wa Wakongo waliokatwa mikono chini ya utawala wa Leopold.

Mfano ulio mzito kuliko yote, hata hivyo, ni wa Lokutu. William Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight, aliomba kwanza ardhi kubwa ya michikichi katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi, na maofisa wa nchi yake mwenyewe wakamkatalia masharti aliyoyataka. Ubelgiji ilimpa. Mkataba wa Aprili 1911 uliiruhusu kampuni yake mpya, Huileries du Congo Belge, kuchagua hadi hekta 750,000 ndani ya duara tano, kila moja ikiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60, na duara mojawapo, la Barumbu, ndilo lililozaa kituo cha Elisabetha, ambacho leo kinaitwa Lokutu na kimo Tshopo. Jules Marchal, mwanadiplomasia wa Ubelgiji aliyegeuka mwanahistoria, ameonyesha kwa nyaraka za serikali yake jinsi uvunaji wa chikichi wa kampuni hiyo ulivyotegemea kazi ya kulazimishwa. Lakini kuielewa Lokutu kwa nyaraka za Brussels peke yake ni kuielewa nusu, kwa sababu sababu za kukataliwa kwa Lever katika makoloni ya Uingereza zimo katika majadiliano ya Wizara ya Makoloni ya London na wafanyabiashara wa Liverpool, na sababu za Ubelgiji kumkaribisha Mwingereza mashuhuri katika kipindi ambacho Uingereza bado haikuwa imelitambua koloni hilo haziwezi kupimwa bila kuzijua siasa za nchi zote mbili.

Jambo hili halikuishia 1911. Kampuni ya Lever iliungana na watengenezaji wa majarini wa Uholanzi na kuwa Unilever, ambayo iliendelea kumiliki mashamba hayo mpaka ilipoyauza mwaka 2009 kwa kampuni ya Feronia, na miaka michache baadaye mwekezaji mkubwa katika Feronia akawa shirika la CDC, chombo cha serikali ya Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya kuendeleza makoloni. Madai ya ardhi ya vijiji vya Lokutu, ambayo yamebishaniwa mbele ya wakopeshaji wa Ulaya katika miaka ya karibuni, yanarudi tena na tena kwenye mipaka ya mkataba wa 1911, na mwanasheria wa vijiji hivyo anahitaji mwanahistoria anayejua jinsi kampuni ya Kiingereza ilivyoandika, ilivyopima na ilivyohifadhi karatasi zake. Mfuko wa Leverhulme nao, ulioanzishwa 1925 kwa wosia wa Lever na kujengwa juu ya hisa za kampuni yake, hugharimia utafiti na masomo ya juu katika vyuo vikuu vya Uingereza, historia ikiwemo. Sehemu ya jasho la wavuna chikichi wa Basoko na Isangi, jirani na Lokutu, inasomesha wanafunzi wa uzamivu huko ng'ambo, na hakuna sababu ya haki inayowazuia wajukuu wao wasisome mambo hayohayo.

Yakusu, nje kidogo tu ya Kisangani, ambako wamisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza walijenga kituo mwishoni mwa karne ya 19, inathibitisha hoja hii kwa namna nyingine. Barua na taarifa za wamisionari hao zimehifadhiwa katika Maktaba ya Angus ya Chuo cha Regent's Park mjini Oxford, na zinasimulia mengi kuhusu Uingereza ya makanisa yasiyo ya Kianglikana: jinsi wafadhili wa miji midogo walivyochangishwa, jinsi tiba ya malale ya Daktari Clement Chesterman ilivyotangazwa nyumbani, na taswira gani ya Afrika waumini walipelekewa. Nancy Rose Hunt wa Marekani alikitumia kituo hicho katika kitabu chake cha 1999 kuhusu uzazi na tiba Yakusu, kazi ambayo bado ni kipimo kwa wengine. Hata hivyo kituo hicho kiliandika na kuchapisha pia kwa Kilokele, lugha ambayo watunza nyaraka wengi wa Oxford hawaijui lakini inazungumzwa sokoni Kisangani kila siku, na mtafiti atakayeziweka karatasi za lugha hizo mbili kando kwa kando ataona mambo ambayo hakuna aliyeweza kuyaona kabla yake.

Kuhusu 1964 inatosha kutaja jambo moja. Askari wa miavuli wa Ubelgiji walioshuka Stanleyville kuwaokoa mateka wa waasi wa Simba tarehe 24 Novemba mwaka huo, katika ndege za Marekani, walikuwa wamepitia kisiwa cha Ascension, ambacho ni milki ya Uingereza, kwa idhini ya serikali ya Harold Wilson iliyokuwa na umri wa mwezi mmoja tu. Simulizi za wazee wa Kisangani na mafaili ya London ni pande mbili za tukio lilelile, na anayemzuia mtafiti asiyafikie mafaili hayo hawatendei wema wazee hao.

Yote haya yanahitaji masharti ambayo kwa sasa hayajatimizwa, na mwanafunzi anayepokelewa katika fani hii bila masharti hayo anadanganywa. Lugha ndilo sharti la kwanza: Kiingereza cha kusomea mwandiko wa mkono wa karne ya 19 si Kiingereza cha shuleni, na Kiholanzi, ambacho Marchal alikitumia kuandika vitabu vyake vya mwanzo, hakikwepeki kwa anayegusa Ubelgiji. Sharti la pili ni njia ya kuzifikia nyaraka. Marchal mwenyewe, akiwa balozi wa nchi yake, alinyimwa ruhusa kwa miaka kadhaa ya kusoma ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Uchunguzi ya 1904-1905 kuhusu ukatili katika dola ya Leopold. Mwanafunzi wa Tshopo, mwenye pasipoti inayotiliwa shaka katika kila dirisha la viza, hawezi kutarajia wepesi zaidi pasipo mkataba rasmi kati ya taasisi na taasisi. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Kisangani na vyuo vya Ubelgiji umezaa matunda mazuri katika elimu ya misitu na bioanuwai, na hakuna ubaya katika hilo, lakini ni vigumu kuamini kwamba miti ya kituo cha utafiti cha Yangambi inastahili ufadhili kuliko watu walioikata.

Kwa sababu hiyo uzamili wa historia ya Ulaya Kisangani unapaswa kuanza na watu wachache, pengine wanne au watano kwa awamu, wanaochaguliwa kwa ajili ya mada ambazo ushahidi wake umegawanyika kati ya Tshopo na Ulaya, wakisimamiwa na walimu wawili, mmoja wa Kongo na mmoja wa chuo kinachotunza nyaraka husika. Mapokeo ya kufanya kazi ya namna hiyo hayakosekani, kwani Benoît Verhaegen, aliyefundisha mjini humo katika miaka ya 1970, alijenga mbinu ya utafiti inayowashirikisha waliotenda katika kuyachambua matendo yao. Kabla ya awamu ya kwanza kuanza, chuo kina haki ya kuomba nakala za kidijitali za mafaili ya Barumbu na Elisabetha yaliyomo katika hifadhi ya Unilever huko Port Sunlight, za barua za Yakusu zilizomo Oxford, na za mafaili ya 1964 yaliyokwisha kufunguliwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, na Mfuko wa Leverhulme ndio wa kwanza wa kuombwa kuigharimia kazi hiyo.