Nyumba ya Askari ni Mzigo wa Nani?



Nataka kusema neno juu ya jambo ambalo sisi tuliozaliwa Namoto, karibu na mto Ruvuma, twaliona kila tukirudi likizo. Nalo ni nyumba ambazo mwenyewe amekwenda jeshini. Askari husifiwa na wengi, bali wachache huuliza ni nani anayelima shamba lake. Mimi naona kuitunza nyumba ile ni wajibu wetu tuliobaki, wala si wa serikali peke yake.

Vita ya Cabo Delgado ilianza tarehe 5 Oktoba 2017 mjini Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 ikafika Palma, mji mkuu wa wilaya yetu, na watu wengi wakakimbilia upande wetu wapate kuvuka Ruvuma kuingia Tanzania. Kisha mwaka 2023 sheria ya Msumbiji iliongeza utumishi wa lazima jeshini kutoka miaka 2 hadi miaka 5. Fikirini maana yake. Kijana wa rika langu, wa miaka 19, akiitwa leo atarudi ana miaka 24. Katika muda huo paa la makuti huoza, na mtoto aliyeachwa mgongoni mwa mamaye huwa karibu kuanza shule. Tena wako wale wa Força Local, wengi wao wazee waliopigania uhuru, walioacha jembe wakashika bunduki kulinda vijiji vyao hata kabla sheria haijawatambua.

Wako wasemao, "Askari ana mshahara, sisi wakulima hatuna. Yeye ndiye atusaidie." Neno hili lina ukweli, lakini halitoshi. Fedha hazipandi mpunga mvua zikianza, wala hazikeshi shambani kufukuza nguruwe mwitu. Mwanamke aliye peke yake na watoto wadogo hawezi kulinda shamba usiku na kulilima mchana. Mkono mmoja haulei mwana.

Jambo la pili ni karatasi. Wengi waliokimbia mwaka 2021 walipoteza vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho. Wengine waliozwa mbele ya shehe na wazee, wala ndoa zao hazikuandikwa serikalini. Siku mume akifa vitani, mjane hutakiwa athibitishe kwamba alikuwa mkewe, na kwamba watoto ni wake. Sheria ya mwaka 2011 juu ya wapiganaji wa zamani inataja haki zao na za warithi wao. Hiyo ni habari njema, lakini imeandikwa kwa Kireno, na mama zetu wengi hawakisomi. Mtu asiyejua kusoma huenda ofisini mara tatu, mara nne, mwisho hukata tamaa akarudi shambani.

Jambo la tatu ni hofu, na hili ndilo gumu kuliko yote. Wako wanaojitenga na nyumba ya askari wasije wakaonekana na adui kuwa marafiki zake. Wengine wana kinyongo, kwa sababu si kila mwenye sare ametenda mema vijijini. Siwalaumu. Lakini mtoto hakushika bunduki, wala hakumdhulumu mtu. Akikosa chakula kwa ajili ya kazi ya babaye, tumemhukumu bila kosa. Kwa hiyo msaada wetu na uwe wa kimya. Yasisomwe majina mkutanoni, wala zisipigwe picha. Jirani apite na jembe lake kama jirani yeyote.

Jambo hili si geni kwetu. Vita ya uhuru ilipoanza Chai tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji hawakuwa na mshahara. Wanavijiji ndio waliolima chakula chao, na wanawake wakabeba mizigo kichwani mwendo wa siku nyingi. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Tunduru, FRELIMO ililea watoto yatima na kuwasomesha. Josina Machel alishughulika sana na watoto wa vita hata alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25 tu. Watu wale walikuwa maskini kuliko sisi, lakini walijua kwamba mpiganaji mwenye wasiwasi wa nyumbani amekwisha shindwa nusu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mwanafunzi akirudi likizo atoe siku mbili alime katika shamba la nyumba ya askari iliyo jirani, bila kungoja kuombwa. Pili, sisi tunaojua kusoma na kuandika tuwe makarani wa mama hao: tuwasomee barua, tuwajazie fomu, tufuatane nao mpaka ofisini. Tatu, nawaomba kaka zetu mlio katika maofisi: mjane akifika mezani pako, usimwambie "njoo kesho" pasipo sababu. Ikiwa karatasi imepungua, mwambie ni ipi, na aipate wapi. Neno hilo moja laweza kumwokoa na safari tatu.

Haya hayahitaji fedha. Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Pengine mwakani mmoja wetu wa darasa hili ataitwa jeshini. Yafaa aondoke akijua kwamba mama yake hatalima peke yake.

Mwanafunzi wa Namoto