Mwaka wa Kukatika na Kuungwa

BARAZA LA IJUMAA
Na Haji Khatibu Mbwana

Mwaka 2024 ulipobakiza siku chache utuage, aghalabu ya watu niliozungumza nao, wa kila hali na wa kila rika, walikiri kwamba hawakuwa na huzuni ya kuuona ukienda zake. Ulituanza kwa mvua zilizopita kiasi. Ukatutwalia Rais mstaafu Mzee Ali Hassan Mwinyi tarehe 29 Februari, tukamzika Mangapwani kwa taadhima iliyomstahiki. Ukatuletea kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, msiba wa aina ambayo wazee wa mwambao huu hawakuizoea. Na asubuhi ya Jumamosi moja ya Novemba jengo la ghorofa likaporomoka Kariakoo likiwa na wachuuzi na wateja ndani yake, nchi nzima ikakaa siku kadha wa kadha ikitega sikio kwenye kifusi. Mimi nami nilikuwa na fungu langu la msiba, nitakalolitaja mahali pake.

Katika dhiki zote hizo, habari za teknolojia zilitufikia zikiwa zimevikwa taji. Mwezi wa Oktoba tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa John Hopfield na Geoffrey Hinton, kwa kazi iliyokuwa msingi wa mashine kujifunza. Na siku ya pili yake tuzo ya kemia waligawana David Baker, Demis Hassabis na John Jumper, kwa elimu ya kuyatambua na kuyabuni maumbo ya protini, ambayo yamkini itawapa matabibu dawa ambazo baba zetu hawakuziota. Hapakupita juma gazeti lisitutangazie uwezo mpya wa akili mnemba. Siitwezi elimu hiyo hata chembe, kwani ni matunda ya bongo zilizojitesa kwa miaka mingi. Lakini nilipoketi kuupima mwaka ule kwa mizani ya yale yaliyoyagusa maisha ya watu ninaowajua, niliona kwamba habari kubwa ya teknolojia haikuwa ya kitu kilichovumbuliwa, ilikuwa ya vitu vilivyokatika, na ya watu wachache, wasiotajwa kwa majina, waliokwenda kuviunga. Muradi wangu leo ni kuwasemea watu hao.

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika katika maji ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban, na papo hapo mtandao ukadhoofu Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji, Malawi na hata Mayotte. Aliyekuwa na duka alishindwa kupokea oda, mwanafunzi akakosa kuwasilisha kazi yake, na wenye nyumba za wageni Mji Mkongwe wakawa hawajui nani anakuja na nani ameghairi. Wengi walidhani hitilafu ni ya simu zao, wakazizima na kuziwasha mara nyingi bila faida. Kwa maana tumefundishwa kuamini kwamba mawasiliano yetu yanaelea hewani, ilhali takriban yote yanayovuka bara kwenda bara hupita ndani ya nyuzi za kioo, zenye wembamba wa unywele, zilizolazwa gizani juu ya mchanga na matope ya kilindini.

Na kukatika huko kusini kusingalituumiza kiasi kile lau kaskazini kungalikuwa kuzima. Mwezi wa Februari meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kwa kombora la Wahouthi wa Yemen karibu na Bab el Mandeb. Mabaharia wakaiacha, ikasukumwa na maji huku nanga yake ikikokota chini, na inaaminiwa kwamba nanga hiyo ndiyo iliyoikata mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu, na Seacom ulikuwa mmojawapo. Kuiunga kulihitaji meli ya mafundi isimame mahali pamoja kwa siku nyingi, katika maji ambayo makombora yalikuwa yakiruka. Kwa hiyo matengenezo yalikawia kwa miezi. Hivyo ndivyo tulivyofika Mei, mlango mmoja ukiwa umefungwa na vita, na wa pili ukafungwa na bahari. Mvuvi wa Nungwi au wa Kilwa, ambaye hana ugomvi na mtu yeyote huko Yemen, alilipa sehemu ya gharama ya vita vile pasipo kujua.

Meli iliyotumwa kutuauni ni Léon Thévenin, ambayo bandari yake ni Cape Town, na ambayo imekuwa kazini tangu mwaka 1983. Ilikuwa imetoka majuzi tu katika pwani ya magharibi ya bara letu, ambako mikongo minne ilikatika kwa mpigo tarehe 14 Machi, mbele ya Côte d'Ivoire. Nimejitahidi kuisoma kazi ya meli kama hizo, na kila nilivyozidi kusoma ndivyo staha yangu ilivyozidi. Kwanza huulizwa nuru yenyewe: hupelekwa mwali kutoka pwani, na kwa muda unaochukua kurudi, mafundi hukadiria mahali ulipokwamia. Kisha meli huenda mahali hapo, ikateremsha kulabu hadi chini, ikaikokota pole pole mpaka inase, ikaupandisha mkongo juu, ikaufunga ncha yake kwenye boya, ikaenda kuitafuta ncha ya pili. Ndani ya chumba kisichoruhusu hata vumbi, fundi huzimenya nyuzi, akazikutanisha moja moja na kuziunguza zishikamane, akazijaribu, akazifunika, ndipo mkongo ukarudishwa baharini. Mawimbi yakichafuka, kazi husita. Mwisho wa mwezi ule wa Mei mambo yalikwisha kutengenea, na sisi, kama ilivyo desturi yetu, tukasahau upesi.

Tarehe 19 Julai ulimwengu ulipata somo jingine la jinsi hiyo, pale kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kuzilinda kompyuta, ilipotoa sasisho lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikagoma kuwaka; ndege zikalala viwanjani na hospitali zikarudia kalamu na karatasi. Nitakalolisema juu ya tukio hilo ni moja tu: dawa yake haikuwa ya muujiza. Katika ofisi nyingi ilibidi mtu aende kwa miguu yake, kompyuta moja baada ya nyingine, afute jalada lenye kasoro na aiwashe upya.

Lakini habari iliyonifurahisha kupita zote mwaka ule ilitoka mbali zaidi. Chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho sasa kipo umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, kilianza mnamo Novemba 2023 kuleta maneno yasiyofahamika. Wahandisi wake huko California, kwa subira ya miezi mitano, waligundua kwamba kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta yake kimekufa, na pamoja nacho zimepotea amri zilizokuwa zikiupanga ujumbe. Nafasi moja ya kutosha kuziweka tena amri zile haikuwapo mahali popote. Basi walizikata vipande, wakatafuta pembe zilizobaki wazi ndani ya kompyuta ile kongwe, wakavigawa humo, wakarekebisha kila amri iliyokuwa ikizitegemea, kisha wakazituma. Zilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu likachukua saa 22 na nusu kurudi. Tarehe 20 Aprili jibu lilipokelewa, nalo lilikuwa linasomeka. Wamekitengeneza kitu ambacho hapana mkono wa mwanadamu utakaokigusa tena milele, na baadhi yao walikuwa hawajazaliwa kilipoundwa. Ningalipewa mimi kugawa tuzo za mwaka, ningaliwapa hao.

Sasa niuseme msiba wangu. Dada yangu mkubwa, aliyetulea baada ya mama, aliishi Uingereza miaka mingi, na mwaka ule alikuwa mgonjwa wa kitandani. Alipokosa nguvu za kuandika alikuwa akinitumia sauti yake kwa simu, kila baada ya sala ya alfajiri, akinipa habari za maumivu yake kwa ufupi na akiniuliza habari za mikarafuu, za majirani na za wajukuu kwa urefu. Mtandao ulipokatika Mei sauti hiyo nayo ilikatika, na siku zile nilizijua zote kwa uzito wake. Nilikuwa nikiitazama simu isiyosema kitu, wala sijui kama kimya kile ni cha bahari au ni cha mauti. Kilikuwa cha bahari. Aliishi mpaka Agosti, Mungu amrehemu, na sauti zake zikabaki ndani ya simu yangu kuwa urithi nilioachiwa.

Septemba simu ile ikafa. Nilikokwenda kwanza niliambiwa ninunue mpya, kwamba hiyo haina thamani ya kutengenezwa. Niliipeleka kwa fundi kijana mwenye meza ya futi chache pembeni ya soko la Darajani, nikamweleza kilichomo. Hakuniahidi kitu. Aliifungua chini ya kioo cha kukuzia, akainama nayo tangu adhuhuri hata karibu na magharibi, akisafisha chumvi iliyokwisha kuila sehemu ya umeme na kuchomelea upya kiungo kidogo ambacho macho yangu hayakuweza hata kukiona. Ilipowaka, alinikabidhi bila kufungua chochote na akageuza uso kando ili nisikilize. Sijui kama katika maisha yangu nimepata kutendewa adabu kubwa kuliko ile.

Sisi wa Unguja tulipaswa kuwa walimu wa jambo hili la kuthamini matengenezo. Waya wa simu za maandishi ulitufikia kutoka Aden mwaka 1879, zama za Seyyid Barghash, na tangu hapo tumetegemea yapitayo chini ya maji. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani, kwa kuharibika kwa njia ya umeme itokayo bara kupitia Fumba, iliyokuwa imetumika takriban miaka 30. Wenye jenereta walinguruma, wasio nazo walirudi kwenye vibatari na kuteka maji visimani, na waya mpya haukupatikana mpaka mwaka 2013. Baada ya mafunzo hayo yote, bado fahari yetu tunaiweka kwenye kukata utepe wa mitambo mipya. Huja viongozi, hupigwa picha, hubandikwa jiwe lenye jina. Na mtu atakayeikagua mitambo hiyo miaka 10 baadaye hatengewi fungu wala hatajwi, hadi siku itakapozima.

Ninaomba, kwa hiyo, kwamba bajeti zitakaposomwa, katika Bunge la Dodoma na katika Baraza la Wawakilishi la Chukwani, fungu la matengenezo ya kila mradi lisomwe kwa sauti pamoja na fungu la ujenzi wake, ili mwananchi alisikie na aweze kuliulizia. Na ninaomba mafundi wa simu na wa kompyuta walioko mitaani, ambao ustadi wao umetoka katika kuthubutu na kurudia, wapimwe na wapewe hati, kama ambavyo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi huko bara, huupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kisha wafunguliwe njia ya kusomea makubwa zaidi. Yule kijana wa Darajani ameniuliza ni wapi katika visiwa hivi mtu kama yeye, asiye na cheti cha kidato cha nne, anaweza kufundishwa kuunga nyuzi za kioo. Swali hilo nimelipeleka kwa wahusika wa mafunzo ya amali, na watakaponijibu nitalichapa jibu lao hapa, apate kulisoma yeye na wenziwe.