Mshahara wa Mbali, Kodi ya Nyumbani



Ndugu zetu wapenzi, wazazi na wanafunzi, sisi watu wa Rumonge tumezoea riziki tunayoiona kwa macho: ndagala, mikeke, mawese, na bidhaa zinazovuka ziwa kwenda Kigoma na Uvira. Siku hizi imekuja riziki isiyoonekana. Kijana anakaa chumbani na kompyuta yake, anamfanyia kazi mwajiri aliyeko Nairobi au Ulaya, na mwisho wa mwezi pesa zinaingia. Alhamdulillah. Lakini liko swali lisiloulizwa majumbani mwetu: kodi ya mshahara huo inalipwa wapi, na nani?

Wengi hujibu kwamba mwajiri yuko nje, basi kodi nayo iko huko huko. Sisi tunaona jibu hilo ni kosa, tena litakuja kuwaelemea watoto wetu. Kwa kawaida kodi ya mshahara hufuata mahali mfanyakazi anapoishi na kufanya kazi yake. Sheria ya kodi ya mapato ya Burundi ya Januari 2013 ilimhesabu kuwa mkaazi mtu mwenye makao ya kudumu nchini, au aliyekaa zaidi ya siku 183 katika miezi 12. Anayelala Rumonge kila siku ni mkaazi, hata bosi wake awe wapi.

Mwajiri wa Bujumbura hukata kodi kabla ya kulipa mshahara, akaipeleka OBR, ofisi ya mapato. Mwajiri wa nje asiye na ofisi hapa hakati kitu. Kijana hupokea pesa nzima na kudhani zote ni zake. Kwa viwango vya sheria ile ya 2013, faranga 150,000 za kwanza za mwezi hazikatwi kodi, 150,000 zinazofuata hukatwa asilimia 20, na zinazozidi 300,000 asilimia 30. Basi mshahara wa 500,000 una kodi ya 90,000. Asiyeiweka kando kila mwezi, kwa mwaka ni deni la zaidi ya milioni moja, na deni la kodi likichelewa huongezewa faini.

Tena asidhani ujirani wetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki unatosha kumkinga asitozwe mara mbili. Nchi wanachama zilitia saini mkataba wa kuzuia jambo hilo Novemba 2010, lakini ulihitaji kwanza kuridhiwa na nchi zote, na miaka mingi ikapita bila kukamilika. Kwa hiyo kabla ya kusaini kazi, kijana aulize: je, mtanikata kodi huko? Na mkataba unanitaja kama mwajiriwa, au kama mtu anayejitegemea? Majibu hayo hubadilisha hesabu.

Jambo hili haliko kwetu tu. Wapo jamaa zetu waliokimbia pwani hii mwaka 1972, wakaishi kambini Tanzania, na kuanzia 2007 wakapelekwa Marekani. Huko nako, anayeishi jimbo moja na kumfanyia kazi mwajiri wa jimbo jingine kwa kawaida hutozwa na jimbo analofanyia kazi. Na yako majimbo kama New York yanayoweza kumdai hata aliyekaa kwake jimbo jingine.

Atasema mtu, "Nani atajua?" Ndugu msomaji, hospitali na barabara tunazolalamikia zinajengwa na kodi hiyo hiyo. Muuza mawese sokoni analipa ushuru wake; si haki mwenye kompyuta apite bure. Wala asiseme ametoa zaka. Zaka ni ibada yenye nisabu na wanaostahiki wake, kodi ni haki ya nchi; moja haifuti nyingine.

Rai yetu ni hii. Wazazi, waulizeni watoto wenu kuhusu mikataba yao. Vijana, tafuteni namba ya mlipakodi, wekeni fungu kando tangu mshahara wa kwanza, na ulizeni viwango vya mwaka husika. Nayo OBR ije ituelezee kwa Kiswahili, maana sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa haifiki kila nyumba.

Allah atubarikie chumo la halali. Amin.