Dirisha Wazi na Imani ya Abiria

Ugonjwa wa kuambukiza unapoenea, chombo cha usafiri wa umma huwa miongoni mwa mahali pa kwanza kutiliwa shaka. Ndivyo ilivyokuwa nchini mwetu baada ya tarehe 16 Machi, 2020, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipotangazwa. Katika Mkoa wa Simiyu shaka hiyo si jambo dogo. Mgonjwa anayetoka Bariadi kwenda Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, mwanafunzi anayerudi bwenini Maswa na mkulima wa pamba anayefuata pembejeo mjini, wengi wao hutegemea basi au Hiace. Wakiogopa kupanda, hukosa tiba, masomo na riziki. Wakipanda pasipo kinga, ugonjwa husafiri pamoja nao.

Maoni yetu ni kwamba imani ya abiria hairudishwi kwa kumwambia asiogope. Hurudi pale anapoiona kinga ya kweli na kuelewa sababu yake.

Mwaka 2020 ndoo za maji na sabuni ziliwekwa katika stendi, na magari yakatakiwa yasichukue abiria wa kusimama. Hatua hizo zilikuwa njema. Lakini aliyekwisha kunawa aliweza kuingia katika gari lililofungwa madirisha yote, ama kwa kukwepa vumbi, ama kwa baridi ya alfajiri. Virusi vya UVIKO-19 huelea hewani katika chembe ndogo mno zitokazo kwa mgonjwa anapopumua, anaposema na anapokohoa. Sabuni haiwezi kuzifikia chembe hizo.

Na tupige hesabu. Mtu aliyeketi kwa utulivu huvuta hewa kiasi cha lita 8 kwa dakika. Abiria 20 huvuta lita 160 kwa dakika, yaani lita 9,600 kwa saa. Tukadirie kuwa nafasi ya ndani ya Hiace ni mita za ujazo 10, ambazo ni lita 10,000. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni takribani kilometa 70, safari ya saa moja au zaidi. Basi madirisha yakifungwa njia nzima, hewa iliyopita katika mapafu ya abiria hadi Lamadi itakaribia ujazo wa gari zima.

Hesabu hiyo inaungwa mkono na tukio lililochunguzwa na wataalamu. Tarehe 19 Januari, 2020, katika Jimbo la Zhejiang nchini Uchina, mabasi mawili yalipeleka waumini kwenye ibada. Moja lilikuwa na watu 60, la pili watu 68, na mmoja katika hilo la pili alikuwa na virusi. Mtambo wa kupoza hewa ulikuwa ukizungusha hewa ileile ya ndani. Baadaye watu 24 wa basi la pili, pamoja na huyo wa kwanza, walithibitishwa kuwa na ugonjwa. Katika basi jingine hakupatikana hata mmoja. Walioketi kando ya madirisha yanayofunguka karibu wote walisalimika.

Wapo watakaosema kuwa vumbi la barabara zetu za vijijini haliruhusu madirisha kufunguliwa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, madirisha ya pande zote mbili yakiachwa wazi kidogo, hewa hupita. Na barakoa hupunguza vumbi pamoja na virusi. Tena, kuacha viti vitupu humpunguzia mwenye gari mapato, na agizo la namna hiyo huchosha upesi. Kufungua dirisha hakumgharimu mtu kitu.

Ni lazima pia abiria aelezwe kuwa kila ugonjwa una njia yake. Kipindupindu hupitia maji na chakula. Hapo sabuni na maji salama ndiyo silaha. Marburg, iliyozuka Mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Kifua kikuu, ambacho tunacho kila mwaka, husambaa kwa hewa. Kondakta anayetoa onyo moja kwa magonjwa yote huwafundisha abiria kutosikiliza.

Aidha, taarifa za kweli ni sehemu ya kinga. Tangu mwisho wa Aprili 2020 hadi mwaka 2021 takwimu za UVIKO-19 hazikuwa zikitolewa nchini. Penye ukimya wa namna hiyo uvumi hustawi, na abiria hana kipimo cha kupimia hofu yake. Somo hilo lisisahauliwe mlipuko mwingine utakapotokea.

Walimu wa sayansi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wanaweza kuanza sasa. Kwa idhini ya mwenye gari, wanafunzi wapime urefu, upana na kimo cha ndani cha Hiace, wakokotoe ujazo wake, kisha waning'inize nyuzi nyepesi dirishani waone hewa inavyopita madirisha yakifunguliwa upande mmoja na pande mbili. Matokeo wayaandike kwa Kiswahili na Kisukuma, yabandikwe stendi. Abiria akisoma hesabu iliyofanywa na mwanawe mwenyewe, atalifungua dirisha bila kuamrishwa.