Jino Lililozibwa Huzibukaje?

Baada ya sala ya Isha, mzee mmoja wa hapa Kalangalala aliniuliza: jino la mwanawe limezibwa, mbona limezibuka?

Zebaki, tuijuayo kwa wachenjuaji wa dhahabu, imezibia meno kwa miaka mingi. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unataka ipunguzwe. Mahali pake hushika resini yenye rangi ya jino, nayo hutegemea gundi. Adui wa gundi ni maji. Mate huipenya na kuilegeza, na vimeng'enya vya jino lenyewe hula nyuzi ilizozishika. Kisha bakteria hupata mwanya, na mzazi hulipa mara ya pili.

Watafiti sasa huichanganya gundi na chembe zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Madini ya fedha huua bakteria. Zinki huzuia vimeng'enya. Kalsiamu fosfeti hurudishia jino madini yake. Zikizidi hugandana mabonge, na gundi hudhoofika. Kazi kubwa ingali maabara.

Kwa leo, mwombeni daktari ayakinge mate yasifike tunduni kabla ya kupaka gundi (kwa mtoto anayelia, si kazi ndogo), na mrudisheni mtoto akaguliwe hata kama haumwi.